Goti Lililo Ndani ya Damu

Maneno yangu yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalikuwa kweli: kidonda safi. Niliyasema mbele ya dirisha la zahanati, binti mchanga wa kaka yangu akiwa begani mwangu. Mhudumu akaandika hivyo hivyo nilivyosema, akatupa mafuta ya kupaka, akatuambia turudi tukiona neno. Tukarudi nyumbani, mtaa wa Waberi hapa Garissa, na furaha yetu. Mpaka leo najiuliza kama hilo niliite kosa au niliite uongo. Nikiliita kosa naona nimejihurumia, nikiliita uongo naona najichapa bure. Basi nitaeleza tu ilivyokuwa, na mwenye akili kunishinda ataamua.

Mimi ndiye mkalimani wa nyumba yetu. Sikuchaguliwa kwa elimu, maana niliishia darasa la saba. Lakini nauza maziwa ya ngamia sokoni, na wateja wangu wengi ni walimu, askari na makarani walioletwa huku na uhamisho, kwa hiyo Kiswahili kimenizoea. Mama yangu, ambaye watoto wote wanamwita Ayeeyo, yaani bibi, ana Kiswahili cha kukataa bei peke yake. Wifi yangu, mama wa mtoto, alilelewa malishoni upande wa Elwak, na Kiswahili anakisikia kama mvua inayonyesha kwa watu wengine. Kaka yangu anakijua vizuri, ila siku nyingi yuko na mifugo upande wa Liboi. Kwa hiyo kwenye dirisha lolote lenye mtu wa ofisi, ulimi ni mimi. Hata daftari langu la kila siku naliandika kwa Kiswahili, kwa sababu kuandika nilifundishwa kwa lugha hiyo, na kwa sababu nyingine ambayo afadhali niikiri: nilijua hakuna mtu nyumbani mwenye hamu ya kulisoma.

Siku ile ya dirishani wifi alikuwa amesema mambo matatu. Alisema kidonda cha mtoto, kile cha nyuma ya sikio, hakina usaha. Alisema pembeni yake pamekuwa pagumu na peusi. Alisema anaogopa. Mimi nilichukua lile la kwanza nikaliita safi, na mawili yaliyobaki nikamwachia mwenyewe. La kuogopa niliona ni mambo ya ndani ya nyumba, hayapelekwi dirishani. La ugumu niliona ni maneno ya mzazi asiyelala. Tena kwetu wafugaji kidonda kisicho na usaha ni cha kushukuru. Ngamia akichanwa na miba unatazama: kinatoa usaha, hakitoi? Kisipotoa unamwacha aende na wenzake. Sisi tulisoma vidonda vya wanyama kabla ya kusoma herufi.

Ayeeyo naye alikuwa anajisifu. Yeye ndiye aliyekuwa akikiosha kile kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na akiwaona wanawake wa jirani anawafunulia sikio la mtoto kama mtu anayeonyesha dhahabu. "Mkono wangu huo," anasema. Niwe mwenye haki kwake: daktari alisema baadaye kwamba maji yale na usafi ule huenda ndivyo vilivyomweka mtoto hai mpaka tukamfikisha. Ila sote tulikuwa tunashangilia ishara mbaya, na aliyeijua kuwa mbaya alikuwa mmoja, na mimi nilimziba mdomo.

Mtoto alipotimiza miezi saba homa ikapanda, ufizi ukavimba ukawa mwekundu kabla hata ya meno, na kidonda kingine kikatokea pajani pale alipochomwa sindano. Nacho kikavu. Tukaenda hospitali kubwa, mimi, wifi na mtoto. Daktari wa watoto alikuwa msichana mdogo kutoka upande wa ziwa, mrefu, mwenye kucheka upesi. Alikuwa ameshika karatasi ya maabara na alikuwa hacheki. Akaniuliza kidonda kikoje.

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, safi, na hapo wifi akanivuta ushungi kwa nguvu mpaka kichwa kikageuka. Akanena kwa Kisomali, polepole, kama mtu anayemtuma mtoto dukani:

"Naa, wewe mwanamke, leo usichague. Mpe yote. Mwambie na kuogopa kwangu."

Nikampa yote. Kwamba hakuna usaha, kwamba pembeni pagumu, kwamba mama yake anaogopa tangu mwezi wa kwanza, na kwamba mimi sikulisema hilo zahanati. La mwisho nililiongeza mwenyewe, kwa sababu mhudumu yule wa dirishani angelaumiwa na mtu, na yeye aliandika alichoambiwa.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Hakuna usaha hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akageuza karatasi akatuonyesha namba, ingawa wifi na mimi hatukujua kuzisoma. Alisema damu ya mtoto huyu imejaa chembe nyeupe, askari wa mwili, wengi kupita mtoto yeyote aliyewahi kumpima. Kisha akaeleza jambo ambalo lilinifanya nikae chini bila kuambiwa. Usaha, alisema, ni maiti za hao askari. Ukiona usaha, ujue wamefika wakapigana. Kidonda cha huyu ni kikavu kwa sababu hakuna aliyefika. Wako barabarani, wamejaa, na hakuna anayeshuka.

Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea kabisa: kitovu kilianguka lini?

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya mtoto mgonjwa. Kwa sababu habari ya kitovu kile ilijulikana Waberi nzima. Kwa desturi yetu mtoto anapewa mnyama wake wa kwanza kwa kitovu. Kikianguka, kinafungwa kwenye mkia wa ngamia jike, na ngamia huyo na uzao wake ni wa mtoto, hakuna wa kubisha. Kaka yangu alimleta ngamia jike mchanga kutoka malishoni mtoto akiwa na siku nne, akijua baada ya siku chache atamrudisha. Kitovu kikakataa. Ngamia akasimama uani wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikula matawi ya mwarobaini wa jirani, akala kanga yangu moja upande. Wapita njia wakawa wanatuuliza kama ngamia amepanga chumba, na kama analipa vizuri. Kaka yangu mwenyewe akawa anamwambia mtoto: binti, achia hicho kitu, mali yako inaninyonya.

Daktari hakucheka. Akauliza ni siku ngapi hasa. Wifi akasema mwezi na kitu. Mimi nikasema ngoja.

Nilichukua bodaboda mpaka nyumbani, nikarudi na daftari chini ya kwapa, jasho linanitoka. Nataka ieleweke kwamba sikuandika kwa busara yoyote. Niliandika kwa kulalamika, kwa ajili ya kanga. Lakini ilikuwepo, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: Kitovu bado. Ngamia bado. Maziwa yameisha mapema. Kitovu bado. Ngamia kala kamba ya kuanikia. Kitovu bado. Daktari alihesabu kwa ncha ya kalamu, na wifi akihesabu naye kwa vidole chini ya meza. Zilikuwa siku thelathini na sita. Daktari akaomba ruhusa kupiga picha zile kurasa kwa simu, na nikaona amezikazia macho bila kupepesa. Nilidhani ni huzuni. Sasa najua ilikuwa ile furaha ya mtu aliyeuona mkia wa nyoka anayemtafuta.

Alisema kuna ugonjwa mmoja anaoushuku, ameusoma shuleni na hajawahi kuuona kwa macho. Alisema hatautaja mpaka vipimo virudi, kwa sababu naye anaweza kukosea. Nilimpenda kwa neno hilo. Damu ikapelekwa Nairobi. Mtoto akalazwa kwa dawa za mishipani, na kaka yangu akaitwa.

Majibu yaliporudi tulikuwa watatu ofisini kwa daktari: kaka yangu, mkewe na mimi. Siku hiyo nitaieleza polepole, kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kufurahi hivyo kwa kufundishwa jambo, na jambo lenyewe lilikuwa baya, na mpaka leo sijui nijisikie vipi kuhusu hilo.

Alianza na mto. Damu inakwenda mbio, alisema, kama Tana ikiwa imejaa. Chembe nyeupe inaogelea humo. Ikisikia harufu ya vita upande wa kidonda, lazima ishike ukingo, isimame, ijipenyeze itoke nje ya mshipa iende kupigana. Isiposhika, maji yanaipitisha. Mtu wa Garissa haambiwi mara mbili habari ya kushika mzizi Tana ikiwa imejaa. Kaka yangu akaitikia kwa kichwa, akamtafsiria mkewe kabla yangu.

Basi inashika kwa kitu gani, kaka akauliza, chembe ina mikono?

Daktari akasema inayo, namna fulani. Juu ya ngozi ya kila chembe zimesimama protini, maelfu kwa maelfu, na kila moja kazi yake iko kwenye umbo lake. Hii ya kushika ina sehemu mbili zilizoshikana, kama miguu miwili. Ikiwa haina kazi, inakaa imekunjwa, kichwa kimeinama karibu na ngozi. Akakunja mkono wake, kiganja kikagusa bega. Hivi haishiki kitu, alisema, na ni vizuri, la sivyo askari wangenasa kila mahali hata pasipo na vita. Amri ikija kutoka ndani ya chembe, inanyooka. Akanyoosha mkono mpaka ukafika kwenye kalenda ya ukutani. Ikinyooka, kiganja kinafunguka na kinashika kwa nguvu. Protini ni ile ile, hakuna kilichoongezwa. Kilichobadilika ni umbo.

Kaka yangu alikuwa anautazama ule mkono kwa namna anavyotazama mnyama anayetaka kununua. Akasema:

"Huo si mkono, daktari. Huyo ni ngamia aliyelala."

Daktari akasema hajui ngamia analalaje. Na hapo kaka yangu, mzee mwenye ndevu za hina na wajukuu wawili kutoka kwa mke wa kwanza, akavua viatu na kupiga magoti kwenye sakafu ya ofisi. Akaonyesha ngamia anavyokunjwa, miguu chini ya kifua, shingo imelala, hana faida kwa mtu. Akaonyesha anavyoitwa. Nyuma inainuka kwanza, halafu goti la mbele, halafu anasimama mzima na shingo inafika kwenye matawi ambayo dakika iliyopita yalikuwa mbali. Wifi alijifunika uso kwa aibu, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Muuguzi aliyekuwa anapita akasimama mlangoni na sinia la sindano.

Daktari aliinuka kwenye kiti. Alisema wataalamu waliochunguza protini hiyo wana jina la mahali inapokunjika, na jina hilo maana yake ni goti. Goti kabisa, alisema, na akatoa karatasi akachora, miguu miwili, goti, kichwa juu, akageuza ili kaka yangu aone. Wakawa wawili wameinama juu ya karatasi moja, mmoja akisema hapa, mwingine akisema hapana, goti la mbele liko juu zaidi. Kwa dakika hizo walisahau kwa nini wamekutana. Hata mimi nilisahau. Nilikuwa nafikiria kwamba ndani yangu, wakati nimekaa kwenye benchi ile, kuna misafara isiyohesabika imepiga magoti inangoja kuitwa. Nilitamani kumwambia mtu, na kila aliyekuwepo alikuwa ameshaambiwa.

Wifi ndiye aliyekumbuka. Aliuliza, na mimi nikatafsiri neno kwa neno:

"Na wa binti yangu hawainuki?"

Daktari akakaa tena. Alisema wa binti yake hawapo. Ile miguu miwili hufungwa pamoja ndani ya chembe kabla ya kutolewa nje. Mmoja kati ya hiyo miwili umeandikwa vibaya tangu tumboni, kwa maandishi aliyopewa nusu na baba na nusu na mama, na wao wawili hawana kosa kwa sababu kila mmoja ana nakala nyingine nzuri inayomtosha. Mguu ukiwa umepinda, haufungiki na mwenzake. Na usipofungika, yote miwili inazuiliwa ndani, hata ule uliokuwa mzima. Kule Nairobi walizipitisha chembe za mtoto mojamoja mbele ya mwanga, kama ng'ombe wanavyopitishwa kwenye njia nyembamba ya kuchanjiwa, wakitafuta ngapi zimebeba protini ile mgongoni. Karibu zote zilipita mgongo mtupu. Ndiyo maana hata kitovu kilikawia, alisema, kwa sababu ni askari hao hao wanaofika kukilegeza mpaka kianguke.

Kaka yangu alivaa viatu vyake.

Dawa ipo moja, akasema daktari. Mtoto apewe uboho wa mifupa wa mtu mwingine, ili mwili uanze kutengeneza askari wapya wenye kushika. Bila hivyo, kwa aina hii kali, hakutufichia, watoto wengi hawafiki mbali. Na huyo mtu mwingine lazima afanane naye.

Nilisema nichukueni mimi. Nililisema haraka, kabla ya kufikiri, na nikiwa mkweli sehemu ya haraka ile ilikuwa kutaka kulipa yale maneno mawili. Daktari akanishukuru akaniambia shangazi mara nyingi hafanani vya kutosha, wanaanza na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja katika nne. Mtoto alikuwa na ndugu watatu wa namna hiyo.

Kufanana kwenyewe nako ni habari ya umbo. Kila chembe ya mwili, kama nilielewa, na naomba anayejua anisahihishe, hubeba nje visahani vyenye mfereji katikati. Ndani ya mfereji inaweka vipande vya kilichomo ndani yake, ili askari wakipita waone: humu hamna adui, au humu mna adui. Upana wa mfereji na mabonde yake ndiyo yanayoamua kipande gani kitakaa. Visahani vya watu havifanani. Askari wa kigeni akiingia mwilini akakuta visahani vyenye umbo asilolijua, atadhani mwili wote ni adui. Kaka yangu akasema basi ni alama ya moto, kama tunavyochoma ngamia wetu ili ukoo mwingine ujue wa nani. Daktari akasema karibu, ila alama hii hakuna anayeweza kuichoma wala kuifuta, mtu huzaliwa nayo, nusu ya baba, nusu ya mama.

Ndugu watatu wakatolewa damu, na tukangoja. Sitaandika mengi juu ya kungoja. Mtoto aliruhusiwa, akarudi hospitali, akaruhusiwa, akarudi. Ayeeyo aliacha kufunulia watu sikio.

Aliyefanana alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, wa darasa la tano, mwenye maneno mengi kuliko sote. Daktari alipopiga simu nilikuwa sokoni, na nilimkumbatia mteja, mwalimu mmoja mstaarabu sana aliyekuja na chupa yake, na mpaka leo anaikwepa meza yangu. Nyumbani watu wakashukuru, wakaanza kupanga safari ya ng'ambo kwenye hospitali inayofanya kazi hiyo. Jamaa wa Wajir na Mandera wakajitolea, kila mtu na alichoweza. Na katika kelele ile yote nikagundua kwamba hakuna aliyemuuliza yule msichana.

Nilisema hivyo kwa kaka yangu. Alinitazama kama nimemuuliza kama maji yanataka kuteremka. Alisema ni dada yake, ataulizwa nini? Na ana haki ya kusema hivyo, kwetu ndugu haombwi damu, damu ni moja. Lakini daktari naye alikuwa ametaka aulizwe, kwa hiyo tukaenda, msichana, baba yake, Ayeeyo na mimi. Niliogopa, kwa sababu nilijua daktari atamwambia ukweli, na msichana akikataa nitakuwa mimi niliyemfungulia mlango wa kukataa, na nyuma ya mlango huo kuna mtoto.

Daktari alimwambia yeye, si sisi. Atalazwa. Atalala usingizi wa dawa, hatasikia kitu wakati wa kutolewa. Watachoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, nyuma. Akiamka patauma, siku kadhaa, na atatembea kama mzee. Uboho wake utarudi wenyewe. Na inaweza, alisema, isifanikiwe, na ikiwa hivyo si kosa lake hata kidogo.

Mimi nilikuwa namtafsiria Ayeeyo pembeni, kwa sauti ya chini. Msichana akageuka.

"Eeddo," akasema, ndivyo wanavyoniita mimi shangazi, "hujamwambia patauma."

Ni kweli, sikuwa nimemwambia. Sijui hata lilivyoniponyoka. Nikamwambia Ayeeyo patauma, na Ayeeyo akamshika msichana mkono akaukalia kama mtu anayeficha kitu.

Msichana akamuuliza daktari maswali. Akauliza kama hao askari watajua kwamba walikuwa wake. Daktari akasema hawatajua, watakuwa wa mdogo wake, watazaa huko huko na kubaki huko. Akauliza kama mdogo wake atafanana naye usoni. Hapana. Tabia je? Hapana. Akafikiri.

"Kwa hiyo akikua tukagombana, atapigana na mimi na askari wangu mwenyewe."

"Kwenye damu, ndiyo."

"Basi nitamkumbusha kila siku."

Baba yake akaanza kumkemea, daktari akainua kiganja. Akamwambia msichana kwamba anaweza kusema hapana, na hata akisema ndiyo leo anaweza kusema hapana kesho. Msichana akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Sikumsaidia hata kwa jicho, na kujizuia kule kulinigharimu.

"Ndiyo," akasema. "Lakini nataka nilale kitanda cha karibu naye, na yule anayechoma sindano asinidanganye."

Karatasi zilikuwa za baba kuweka sahihi. Daktari akachora mstari mwingine chini yake kwa kalamu, ingawa sheria haikuutaka, na msichana akaandika jina lake lote, na la baba, na la babu, mpaka nafasi ikaisha.

Waliondoka wanne wiki chache baadaye, baba, mama na mabinti wawili. Mimi nilibaki na Ayeeyo na watoto wengine na maziwa. Kaka yangu alikuwa ananitumia sauti kwenye simu, fupifupi. Dawa kali za kufagia uboho wa zamani zimeanza. Nywele za mtoto zimekwisha. Dada yake ametolewa, anatembea kama mzee, anataka chipsi. Mtoto hana askari kabisa, hakuna kuingia kwake ila kwa kuoga na barakoa. Halafu siku nyingi ambazo sauti yake ilisema tu: tuombeeni. Daftari langu la siku hizo lina neno hilo hilo, na maziwa.

Ilikuwa asubuhi, soko limeshajaa, nilipopata sauti nyingine. Niliiweka sikioni nikiwa nimeshika kipimo cha maziwa. Kaka yangu alikuwa anasema upesi, nyuma yake watu wanazungumza lugha nisiyoijua. Alisema wamezipitisha tena chembe zake mbele ya mwanga, mojamoja. Alisema ile protini sasa iko mgongoni. Si kwenye zote, ila kwenye nyingi, na daktari wa huko anasema zinaongezeka. Alisema ameonyeshwa picha yake kwenye kompyuta, vilima viwili, kilima cha zamani kinashuka na kipya kinapanda, na alipoelewa aliuliza kama anaruhusiwa kupiga takbira mle ndani, wakamwambia kwa sauti ya chini.

Nilisikiliza mara tatu. Kisha nikamwambia mwanamke wa meza ya jirani, ambaye anauza maziwa kama mimi na tunagombania wateja tangu zamani. Nilimwambia yote kwa pamoja, chembe, goti, mwanga, vilima, na najua sikueleza vizuri, nilikuwa naruka mambo. Alinisikiliza akiwa ameshika mfuniko wa dumu.

"Naa, mimi sijaelewa kitu," akasema. "Mtoto anaishi?"

"Wanashika," nikasema. "Sasa wanashika."

Akalia kabla yangu. Halafu akawahudumia wateja wangu wote asubuhi ile kutoka kwenye dumu langu, kwa bei yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeirudisha simu sikioni.